Ndege ya Viti Viwili

Yule bibi alinishika mkono akiwa na mdomo umejaa. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia hapa Geita, na wakati wa kuchukua vipimo unamjaza mteja kinywa kizima uji mzito unaoganda, unamwambia atulie, apumue kwa pua, asiongee. Wengi wanatii. Yeye alitulia vizuri tu mpaka macho yake yalipofika kwenye rafu iliyo juu ya dirisha. Hapo akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri ule, akaanza kuguna. Nilidhani anakabwa. Nikamtoa kipimo kabla hakijashika, kikaharibika, na mimi nikiharibiwa kazi huwa sifichi sura yangu.

"Bibi, si tulikubaliana utulie?"

Alinyoosha kidole rafuni. "Ile," akasema kwa mapengo yake, "imekosewa. Ina kiti kimoja. Ya mume wangu ilikuwa na viwili."

Nieleze kuhusu rafu. Mimi naunda ndege ndogo za plastiki. Zinakuja zimekatwakatwa vipande kwenye boksi; unavitoa, unavisugua, unagundisha, unapaka rangi. Ya kwanza nilipewa na mteja mmoja, fundi wa mgodini aliyehamishwa, akaona boksi ni zito la nini kubeba. Tangu hapo naagiza mwenyewe. Watu huniuliza ni za mtoto gani. Sina mtoto wa kuchezea, nachezea mwenyewe. Sasa mwanamke wa umri wangu, anaishi peke yake, ana vindege ndani na macho mekundu kwa sababu ya rangi na gundi, hapa Usukumani, unajua watu watasema nini. Wamesema sana tu. Mimi huwajibu kwamba ningekuwa na ndege ya kuruka nayo usiku nisingebanana kwenye basi kila nikienda Shinyanga kumsalimia mama.

Ile iliyokuwa rafuni ilikuwa ndege ya kivita ya zamani, ya rubani mmoja, na nilikuwa na boksi lingine kama lile halijafunguliwa. Bibi aliponiona naitazama akajua ameshanishika. Akaanza kunieleza, huku mimi nakoroga uji mwingine.

Mumewe alikuwa mwalimu wa marubani. Ndege za kufundishia zilikuwa hizihizi za kivita, ila zilirefushwa kidogo zikawekwa kiti cha pili: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Asubuhi moja waliruka wakaingia kwenye wingu juu ya ziwa, basi. Mwanafunzi aliokotwa na wavuvi karibu na kisiwa, akapelekwa kwao akazikwa. Mwalimu hakuonekana, wala ndege.

Kwao yule mume ni upande wa Chato, na ukoo wao una utaratibu. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana, wanakata shina la mgomba la urefu wake, wanalivika sanda, wanasimama mlangoni wanamwita kwa jina aje, kisha wanalizika. Bibi alikataa. Miaka yote hiyo alikataa, akagombana na mashemeji, akaitwa kila jina. "Mume wangu hakuwa mgomba," akaniambia. Sasa tumbo lake lilikuwa na ugonjwa ambao madaktari walikuwa wameacha kuuzungumzia mbele yake, wanazungumza na wanawe tu. Na ukoo ule una neno lingine: mke hazikwi bomani kabla ya mume aliyemtangulia. Akifa mumewe hajazikwa, yeye atalazwa nje ya boma kama mpita njia.

"Kwa hiyo nataka meno ya kumwitia," akasema. "Jina lake bila meno halitoki vizuri, hatalitambua. Na nataka ndege tuizike yeye akiwa ndani. Lakini iwe yake."

Nikamwambia hapana. Kwanza hiyo kazi haina boksi, hakuna anayeuza ya viti viwili, ni kukata na kubuni. Pili, sikupenda. Mtu akikuambia umtengenezee kaburi la kuchezea, unatafuta njia ya kutoka.

"Kama huwezi, sema huwezi," akasema bibi, akafungua mdomo nimjaze uji.

Hapo alinipata. Mimi ukiniambia siwezi, nimekwisha.

Nilianza wiki ileile, kila nikimaliza meno ya watu. Nilikata mwili wa ndege nyuma ya kiti cha rubani kwa msumeno mwembamba wa kukatia plasta. Unakata kitu kizima, kizuri, na moyo unakuuma. Nikaongeza kipande katikati ili uwe mrefu, na kwa kuwa sikuwa na plastiki ya kujazia, nilijaza kwa ile rizini ya waridi tunayotengenezea ufizi. Kwa hiyo kabla ya rangi ndege ile ilikuwa ya kijivu yenye mkanda wa nyama. Kioo cha juu nilikivuta kwenye mashine ya kufinyanga vibao vya meno: karatasi ya plastiki angavu inapashwa moto, inalegea, hewa inanyonywa, inakaa juu ya umbo. Kilitoka safi mara ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Bibi alikuwa ananipigia simu. Hakuwa anasalimia. Shikamoo yangu ilikuwa inapita hewani nayo haijibiwi. "Kiti cha nyuma kiko juu kidogo kuliko cha mbele, ili aone." Anakata. Siku nyingine: "Pua yake ilikuwa imechubuka rangi upande wa kushoto." Nilimuuliza amejuaje vitu hivyo, maana mke wa mwanajeshi haruhusiwi kuzungukazunguka kwenye ndege. Akasema alikuwa anaambiwa chakulani. "Wengine waume zao waliwaambia habari za wanawake. Wangu ndege."

Alitaka mtu mmoja tu, wa nyuma. Nilimchonga kwa rizini, mdogo kama punje ya mhindi, nikampaka rangi kofia na mikono. Kiti cha mbele akasema kiachwe wazi, kwa kuwa mwanafunzi alishazikwa na watu wake, na hakuna ruhusa ya kumzika mtu mara mbili.

Sasa, mgodi mkubwa hapa kwetu hulipua mwamba alasiri. King'ora kinalia, halafu ardhi inatikisika kidogo, vikombe vinaongea kabatini. Tumezoea, hata watoto wachanga hawaamki. Ndege niliiacha mezani imeangalia ukuta, na baada ya mlipuko nikaikuta imegeuka pua dirishani, kule ziwani. Nikasema ni mtetemo. Nikaigeuza. Kesho yake, vilevile. Nikasema ni mtetemo na meza yangu imeinama. Halafu ikaja siku ya radi, mvua inatishia tangu mchana, na radi ikiwa karibu hawalipui. King'ora hakikulia. Nilikuwa nimekaa palepale nasugua meno ya mteja, naitazama kwa jicho la pembeni, na sikuiona ikisogea. Nilipoinuka kuzima jiko na kurudi ilikuwa imeangalia ziwa.

Sikuigeuza tena. Nilihamishia kiti changu upande wa pili.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Ndege ya namna hii inasimama kwa magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na ukiirefusha mkia unakuwa mzito kuliko pua. Ukiiweka mezani inakaa kitako. Kwa hiyo ndani ya pua lazima utie kitu kizito kabla ya kuziba. Kwa kawaida natia risasi za nyavu, zile wanazofungia wavuvi, lakini nafasi ilikuwa finyu na haziingii.

Nilimlalamikia jirani yangu. Huyu ni Msukuma mwenzangu wa Shinyanga, uwanja wake umepakana na wangu, na kazi yake ni kuosha marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshasaga na kuosha na kutupa; yeye anauosha tena kutafuta kilichowaponyoka. Ni mwanamke wa maneno machache; namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nilimweleza yote: bibi, mume, wingu, mgomba. Alikuwa ameinamia karai lake, na nilipofika kwenye sanda akasimama wima.

"Watamwita mlangoni?"

"Ndiyo utaratibu wao."

"Na kumzika kabisa, na udongo?"

"Kabisa, mayu. Mbona unauliza kama polisi?"

Akacheka kidogo, akasema atanitafutia mchanga mweusi. Nilifurahi, maana ndio wenyewe. Ni ule unaobaki chini ya karai ukishaosha, laini kama unga na mzito wa ajabu. Alichukua siku kadhaa kuuleta, jambo lililonishangaza kwa kuwa uwanja wake umejaa. Alikuja nao kwenye kopo la maziwa, kavu, umechekechwa. Hakuniachia kopo. Aliumimina mwenyewe ndani ya pua kwa kijiko changu cha plasta, polepole, na punje zilizodondoka mezani akaziokota kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Nikaziba kwa rizini. Akangoja igande. Kisha akaweka kiganja juu ya pua ya ndege akasema kwa Kisukuma akae vizuri, asihangaike.

Nilidhani ananitania mimi. Nikamwambia nimeshakaa.

Ndege ilisimama kwa magurudumu yake matatu, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Rizini ya meno ikiganda hupata joto, mtu yeyote wa kazi yangu anajua, na baada ya muda hupoa. Asubuhi yake nilipogusa pua ili nianze kupaka rangi ilikuwa bado na joto. Si la kuunguza. Joto la paji la uso wa mtu aliyelala. Nikapaka rangi hivyohivyo, na rangi ilikauka upesi kuliko kawaida.

Halafu kioo. Kioo cha ndege ya plastiki kinaweza kuingia ukungu kwa ndani ukitumia gundi kali, nami nisingeandika jambo hili kama ningekuwa nimetumia gundi kali. Situmii. Sijawahi. Ukungu ulitokea mbele tu, juu ya kiti kile kitupu, mduara mdogo kama anaopumulia mtoto dirishani. Nyuma, kwa mwalimu, kioo kilikuwa angavu kabisa. Mduara ulikuwa unakuja na kuondoka. Niliogopa, na sina aibu kusema. Niliifunika kwa taulo nikaenda kukaa kibarazani mchana kweupe, watu wakipita wananiuliza leo hakuna meno.

Bibi alikuja na mwanawe mkubwa aliyebaki nje kwenye gari. Alikuwa amepungua sana. Nikamvalisha meno, nikampa kioo, hakujitazama. Alifumba macho akatamka jina la mumewe kwa sauti ya chini, mara moja, kama anaonja chumvi. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha nikaondoa taulo.

Aliitazama muda mrefu. Mkono wake ukaenda kwenye ule mchubuko wa rangi upande wa kushoto. Alilia bila kelele na mimi nikaangalia pembeni, nikiwa nimevimba kwa majivuno, ndivyo nilivyo. Ndipo akainyanyua kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "mbona mbele kuna mtu?"

"Hakuna, Bibi. Nimemweka wa nyuma tu kama ulivyosema. Angalia."

"Sisemi unavyoona. Nimebeba watoto sita. Mzigo wa kitu naujua na mzigo wa mtu naujua. Huyu ni nani?"

Nikakasirika. Nilimwambia ni mchanga wa pua, ni wa uzito, bila huo ingekaa kitako, na kama haamini aulizwe aliyeuleta. Nikatoka mpaka uani nikamwita jirani kwa ukali. Hakuuliza anaitiwa nini. Alinawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akaja, akapiga magoti mbele ya bibi akamwamkia, akabaki palepale chini.

Mtoto wa kwanza wa jirani alikuwa mchimbaji. Hilo nililijua, na nilijua kwamba duara lake liliporomoka, duara ni shimo lao la kuchimbia. Nililokuwa silijui ni kwamba hawakumtoa. Lilikuwa refu na udongo ulikuwa unaendelea kushuka, waliojaribu kuingia walirudi, mwisho likafukiwa juu na ikapigwa marufuku kusogelea. Watu waliweka matanga, wakala, wakatawanyika. Hakuna kilichozikwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaenda pale mdomoni mwa duara kuchota udongo na kuuosha, na mimi nilikuwa naona anatafuta dhahabu kama wengine.

"Dhahabu ningeitupa," akasema. "Nilikuwa naosha udongo umtoke. Kile kizito kilichobaki chini ya karai nikakiweka kwenye kopo. Sikuwa na pa kukipeleka. Dada aliposema kuna ndege itazikwa na sanda, na mtu ataitwa mlangoni, nikaona akipanda humo naye atafika."

Nilihisi nimechezewa, tena ndani ya chumba changu, kwa kijiko changu. Nilitaka kumfokea. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni kilio, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia kama mimi ndiye nimefiwa.

Bibi hakulia. Alikuwa anafikiria, na nilijua anachofikiria, kwa kuwa wanaukoo walikuwa wameshaitwa, kaburi linachimbwa, na yeye hakuwa na wiki nyingi za kutupa. Huwezi kuzika mtu wa watu kwa siri ndani ya kaburi la mwingine. Mwenye kaburi atakataa kuingia, na mumewe asipoingia yeye mwenyewe atalazwa nje ya boma. Nilikuwa nimeshika msumeno tayari. Nilikusudia kuvunja ile pua pale pale, niumwage mchanga, ndege ikae kitako, liwalo na liwe. Jirani aliuona msumeno, akaweka kipaji cha uso sakafuni.

"Uache," bibi akaniambia. Akamgeukia. "Mwanao alisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, mama. Alikuwa anapenda, ila ada."

"Mume wangu alikuwa mwalimu mkali. Anafoka." Akakitazama kile kiti cha mbele. "Mwanafunzi wake alishashuka zamani, yuko kwao. Kiti kile ni kitupu kweli. Lakini sizikii mtu mtoto wake mama hayupo. Utakuja, na wewe utaita wa kwako."

Tulienda wote, jirani kiti cha nyuma kaipakata ndege magotini na hakuna aliyemwomba ampokee. Boma lilikuwa juu ya kilima kidogo, ziwa linaonekana chini kama bati. Mashemeji walinung'unika kidogo kuhusu mgeni, bibi akawatazama tu, na kwa meno yale mapya alikuwa anatisha.

Wakati wa kuita ulikuwa mchana, jua la kichwani. Kwa utaratibu wao mlango wa nyumba unafunguliwa wote, watu wanasimama pande mbili, na njia inaachwa katikati. Bibi akasimama kizingitini akaelekeza uso ziwani akamwita mumewe. Ilikuwa sauti ya mke anayemwambia mtu chakula kinapoa. Hakukuwa na upepo. Kuku waliokuwa wanachakura uani waliacha, wakasogea kando, na baada ya hapo watu wa karibu na geti wakarudi nyuma hatua moja, kisha waliofuata, mpaka wimbi likafika tuliposimama sisi, na mimi nikajikuta nimerudi nyuma bila kuambiwa. Kitu kilipita. Sina neno zaidi ya hilo. Bibi aligeuza kichwa polepole kukifuata mpaka ndani.

Zamu ya jirani ilipofika hakuweza. Midomo ilikuwa inacheza tu. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kuangalia chini, na mimi nikaona tumefika mwisho, atarudi na mtoto wake kwenye kopo. Bibi akamshika kiuno kwa nyuma, kama anavyoshikwa mwanamke anayejifungua. Ndipo akaita. Aliita kwa sauti ambayo iliwafanya mbwa wote wa kijiji walale chini. Mara moja tu. Na watu walewale waliokuwa wamenung'unika wakaanza kusogea, kuanzia getini, wakiacha njia.

Ikazikwa kwa sanda moja. Bibi alifuata kabla mvua hazijaisha, akalazwa bomani, ubavuni.

Siku ile ya mazishi, tulipokuwa tunarudi Geita, jirani alikuwa na mikono mitupu magotini na hajui aiweke wapi. Tangu duara lile lifukiwe alikuwa amekataza mtu yeyote kumwita Mama na jina la mwanawe wa kwanza. Ukimwita hivyo alikuwa haitiki, hata umkute uso kwa uso, nasi mtaani tukaishia kumwita jirani, au mayu tu bila jina la mtoto, kama mwanamke asiye na mtoto. Tulipofika njiapanda akasema, bila kunitazama, "Dada, niite kama zamani."

Nikamwita.

"Abee," akaitika.